Fomalini Kwanza, Maswali Baadaye

Wanangu wa maabara, mmeniomba niwaandikie "maneno machache ya hekima" kwa kuwa nimestaafu. Naona mnadhani hekima hutolewa pamoja na barua ya kustaafu. Mimi nilipewa saa ya ukutani, na haitembei. Hekima sikuiona kwenye bahasha, ingawa nilipekua vizuri. Nilichotoka nacho ni makosa, mengine madogo, mengine ya kunyimwa usingizi, na moja kati ya hayo ndilo linalonifanya niwapige vibao vya mikono kila mnapoisogelea chupa ya fomalini bila kusoma karatasi ya maelekezo. Mmoja wenu, simtaji kwa sababu mama yake ni jirani yangu, aliuliza kwa sauti iliyonifikia vizuri kabisa: "Hivi huyu bibi ana nini na fomalini?" Basi leo namjibu, na nyie wengine mliocheka msome pia.

Kazi yetu hakuna anayeijua hapa mjini. Ukisema unafanya kazi maabara, watu wanafikiri malaria na mkojo. Sisi ni watu wa tishu. Daktari akikata uvimbe kwa mgonjwa, mmoja wetu analetewa. Tunautia kwenye fomalini usioze, tunauzamisha kwenye nta mpaka ugande, tunaukata vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, tunavilaza kwenye kioo, tunavipaka rangi. Kisha daktari bingwa anachungulia kwenye hadubini dakika mbili, anaandika jina la ugonjwa, anashukuriwa. Sisi tunaulizwa kwa nini majibu yamechelewa.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Ntandu, Mnyaturu wa Issuna, mtu mrefu, mkimya, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Mimi nilifika kwake binti wa duka la vitambaa, najua kupima kanga na kubishana na wateja, cheti changu kikiwa bado kinanuka wino. Nilidhani nitafundishwa kwa maelezo. Mzee Ntandu alikuwa na somo moja tu, na lilikuwa na neno moja: rudia. Unakata kipande, anakitazama kwenye mwanga wa dirisha, anakirudisha. Rudia. Unapaka rangi, anachungulia, anainuka. Rudia. Wiki ya kwanza nilirudia kitu kimoja mpaka nikawa naota ninazungusha gurudumu la mashine ya kukatia.

Upepo wa Singida mnaujua. Fomalini inachoma macho, kwa hiyo tulikuwa tunafungua madirisha, na upepo ukiingia hauulizi kipande ni cha nani. Siku moja kipande changu cha kwanza kilichokubalika kilipeperuka kabla sijakilaza kwenye kioo. Mzee aliniamuru nipige magoti nikitafute sakafuni. Nilitambaa chini ya meza nusu saa nzima, vumbi mpaka masikioni. Nilipoinuka kumwambia nimekata tamaa, nikakiona: kimetua kwenye nyusi yake ya kushoto. Alikuwa amesimama pale na uso wa hakimu, na kipande cha ini la mtu juu ya jicho. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alikitoa kwa kidole, akakitupa, akasema nirudie.

Nyie leo mna visu vya kutumia na kutupa, vinakuja kwenye kiboksi vimepangwa vizuri. Sisi tulikuwa na kisu kimoja kizito, na kila asubuhi tulikinoa kwa mkono kwenye jiwe na mafuta, halafu tukakisugua kwenye mkanda wa ngozi. Nikisema hivi naona mnavyotazamana. Sisemi ilikuwa bora. Nina makovu matatu ya kuthibitisha kwamba haikuwa bora. Nasema tu kwamba mtu aliyenoa kisu saa nzima hakurupuki kukata, na nyie mnakurupuka sana.

Sasa fomalini. Mwaka wangu wa pili aliletwa mama mmoja kutoka upande wa Mkalama mwenye uvimbe kwenye titi. Wakakata kipande, wakakileta kwenye kikopo chenye maji ya chumvi, na fomu haina sahihi ya daktari. Mimi binti mwenye cheti nikasema siipokei kazi isiyo na sahihi. Nikakiweka pembeni, nikaanza kumtafuta daktari wa kusaini. Hakupatikana. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu nilipofungua kile kikopo, harufu ilinijibu kabla sijauliza. Utaratibu nilikuwa nimeufuata vizuri sana, na kipande kimeoza.

Nilitegemea Mzee Ntandu atanifokea. Afadhali angenifokea. Alivua koti lake, akaninyooshea kidole mlangoni, tukatembea mpaka wodini, akanisimamisha mbele ya kitanda cha yule mama. Aliyeharibu ndiye anayekwenda kusema, ndivyo alivyoamini, na hakutuma mtu wala barua. Nilimwambia yule mama kwa mdomo wangu kwamba itabidi akatwe tena, na kwa nini. Aliniangalia akasema "haya mwanangu", basi. Hilo "haya" ninalo mpaka leo. Tuliporudi, Mzee alichukua brashi na rangi nyekundu akaandika ukutani, juu ya meza yangu: FOMALINI KWANZA, MASWALI BAADAYE. Kwa miaka thelathini na ushei nililitii lile andiko. Kitu chochote cha mtu kikitua mkononi mwangu, kwanza fomalini, ndipo niulize ni cha nani. Mkono wangu ulikuwa haungoji kichwa tena, nami nikajisifu kwa hilo mbele ya wanafunzi, tena mara nyingi.

Mzee Ntandu alistaafu kabla yangu, na alistaafu vibaya. Sisi tulimwandalia sherehe, tukampa kiti cha uvivu, akaenda nacho Issuna kwenye alizeti zake, na Jumatatu asubuhi akawa getini kwetu na koti lake jeupe. Kujitolea, alisema. Alikuja hivyo miaka, mara mbili au tatu kwa wiki, anapanda basi asubuhi, anakagua kazi zetu, anasema rudia, anarudi kwake.

Kisha akaanza kuangusha vitu. Kwanza kalamu. Halafu kioo cha slaidi. Mimi, mjuzi, nikamtania kwamba sasa amezeeka kweli, alale tu kwenye kile kiti tulichompa. Siku moja alikaa kwenye mashine ya kukatia na gurudumu likamshinda kuzungusha. Mkono ulifika nusu ukabaki. Alipokunja shati nikaona nyama ya mkono wake inachezacheza chini ya ngozi, mwenyewe ametulia. Na kati ya kidole gumba na cha shahada, pale penye mnofu, palikuwa pamebonyea. Utani ukaniishia pale pale.

Ndipo Singida yote ikawa bingwa wa mishipa ya fahamu. Muuza duka alisema ni baridi yabisi. Kondakta wa basi la Issuna alisema ni presha, akapendekeza vitunguu swaumu. Mchungaji mmoja alisema ni roho ya uzembe, kumwambia mtu ambaye hajawahi kuchelewa kazini, hata ile kazi ambayo halipwi. Kijijini walishajua nani kamroga na kwa shamba gani. Mzee aliwasikiliza wote kwa adabu, akapanda basi kwenda Dodoma, wakampeleka mbele zaidi, wakamchoma sindano za kupima umeme wa misuli, wakamwambia: seli za neva zinazoendesha misuli, zile za kwenye ugwe wa mgongo, zinakufa. Dawa ya kuponya haipo. Miguu itafuata, sauti itafuata, mwisho pumzi.

Alirudi akaniuliza kama kile kitabu kinene cha magonjwa ya neva bado kipo kabatini. Alikisoma siku mbili, nikimfunulia kurasa. Alipomaliza aliniambia kimeandikwa vizuri lakini picha zake ni mbaya, waliopaka rangi walikuwa na haraka.

Hapa ndipo anapoingia Dokta Neema, mtafiti kijana, binti mwenye viatu vya raba na swali moja. Alikuwa anatafuta wagonjwa wa ugonjwa huu watakaokubali ugwe wao wa mgongo uchunguzwe wakishafariki. Ugwe, kwa asiyejua, ni ule uzi mnene mweupe unaopita ndani ya uti wa mgongo. Alitueleza hivi, nami nawaeleza nyie mnaopenda kukariri bila kuelewa. Seli za neva hazishikani. Moja inaishia hapa, nyingine inaanzia pale, katikati pana upenyo. Ya kwanza inamwaga kemikali, ya pili inazipokea, ndivyo ujumbe unavyovuka. Pale kwenye makutano pamejaa protini: nyingine kazi yake kumwaga, nyingine kupokea, nyingine kushikilia pande mbili zisiachane. Kwenye ugonjwa huu protini zile zinabadilika. Nyingine zinapungua, nyingine zinajikusanya mahali pasipo pake. Ni duka ambalo muuzaji yupo, mteja yupo, ila kaunta imeng'olewa. Swali la Dokta Neema lilikuwa: ni protini ipi inaanza kuondoka, wakati seli yenyewe bado inapumua? Maana ukijua kinachotangulia, pengine siku moja utajua pa kuziba.

Mzee Ntandu alikuwa bado na sauti, ingawa imeshaanza kuwa nzito. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole:

"Nimekata nyama za watu miaka thelathini na nne. Sasa ni zamu yangu. Nataka nijue kinachoanza."

Dokta Neema akamwambia kwa upole kwamba yeye mwenyewe hatajua, kwa kuwa atakuwa ameshafariki. Mzee akamwangalia kama alivyoniangalia mimi siku ile ya kipande kwenye nyusi yake. Akanielekezea mimi kidevu, akasema, "Zuhura atajua. Inatosha."

Zikaja fomu za ridhaa, kamati ya maadili, mihuri, na ukoo. Kamati ilikuwa nyepesi kuliko ukoo. Mdogo wake, Mzee Petro, alisema mtu anazikwa mzima, habari za kubakiza vipande mjini hazijui. Mkewe, Mama Debora, mwanamke mfupi anayesema kidogo, alimwambia shemeji yake kwamba huyu mtu ameamua, na hajawahi kubadili alichoamua tangu amuoe. Mzee Petro alikubali kwa sharti moja: siku ya kumaliza msiba, aje mtu wa maabara asimame mbele ya ukoo aseme kwa mdomo wake walichokikuta. Barua hawataki. Nilisema nitakuja mimi. Nilisema haraka sana, nikiona ni jambo rahisi.

Tatizo letu lilikuwa ubaridi. Kupima kiasi cha protini kwenye makutano yale, ugwe lazima ugandishwe saa chache baada ya mtu kufariki, tena ugandishwe kweli, siyo friji ya maabara ambayo hata juisi zenu haziwi baridi. Fomalini haifai kabisa. Fomalini inazifunga protini pamoja, inazikaza zisiachane. Ndiyo maana kitu hakiozi, na ndiyo maana huwezi tena kuzitenganisha vizuri na kuzipima. Dokta Neema alilirudia hilo mpaka nikakereka. Nikamwambia mwanangu, nilikuwa natia vitu kwenye fomalini kabla mama yako hajakupata. Angalieni majivuno hayo.

Ubaridi tuliupata kwa Bwana Shija, afisa mifugo, anayepandikiza ng'ombe mbegu vijijini. Ana mtungi wa naitrojeni, ile baridi kali inayotoa moshi mweupe, humo ndimo zinamokaa mbegu za madume ya kisasa. Alikubali kutuazima nafasi. Nilipompelekea Mzee habari kwamba atasafiri pamoja na mbegu za ng'ombe, alicheka mpaka Mama Debora akamwinua kitandani asipaliwe. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia anacheka.

Tulifanya mazoezi mara tatu kwa ugwe wa mbuzi kutoka machinjioni. Ugwe unatoka, unawekwa kwenye sahani baridi, unakatwa vipande, vyote vinaingia mtungini, kasoro kimoja kidogo cha mwisho ndicho cha fomalini, kwa ajili ya slaidi. Niliandika mpangilio huo kwa mkono wangu, nikaubandika kwenye mlango wa mochwari. Kile kipande kidogo cha mbuzi nikakitengenezea slaidi, nikakipiga picha kwa simu, nikampelekea Mzee Issuna. Wakati huo sauti ilikuwa imeshaondoka. Mama Debora alikuwa ameandika herufi kwenye kipande cha boksi la mafuta. Anapitisha kidole, Mzee anafumba macho kwenye herufi anayoitaka. Alitazama picha yangu. Mama Debora akapitisha kidole. R. Akapitisha tena. U. Kufika D nikamwambia inatosha, nimeelewa.

Alifariki asubuhi, hospitalini kwetu, Mama Debora akiwa amemshika. Daktari aliyefundishwa kutoa ugwe alikuja, akafanya kazi yake mochwari kwa heshima, akaniletea kwenye sahani, akaitwa kwenye upasuaji, akaondoka. Nikabaki mimi na sahani. Bwana Shija alikuwa kwenye benchi nje na mtungi wake. Ni mtu anayeingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe, lakini mochwari hawezi kuingia, alikuwa anangoja nimwite.

Niliutazama ule ugwe. Nilikuwa nimewaona watu wengi kwa vipande, lakini huyu alinifundisha kushika kisu. Macho yalijaa, sikuona vizuri. Nikafanya nilichofanya kila siku ya maisha yangu ya kazi. Nikafungua chupa kubwa, nikauteremsha wote ndani, taratibu, usijikunje. Nikafunika. Nikaandika lebo, na mwandiko ulikuwa mzuri, nausema kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa sawa asubuhi ile. Nikanawa, nikatoka, nikampita Bwana Shija bila kumwona, nikaenda kukaa na Mama Debora, tukakaa karibu saa nzima.

Niliporudi kwenye korido, Bwana Shija alisimama akanipa pole. Kisha akaangalia mtungi wake, akaniangalia mimi.

"Mama Zuhura," akasema, "sasa mimi nimeleta mtungi wa nini?"

Ile korido sikuwahi kuipita mbio namna ile, wala kabla wala baada. Nilifungua ile chupa nikautoa. Ulikuwa umeshabadilika rangi, umekaza, unashikika kama kamba. Karatasi ya mpangilio ilikuwa mlangoni, kwa mwandiko wangu, na nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili. Nilikaa chini kwenye sakafu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikalia mpaka Bwana Shija akasahau woga wake akaingia mochwari kuniinua.

Dokta Neema alifika mchana kutoka Dodoma. Nilimsimulia. Alivuta kiti, akakaa. Nilimwomba anifokee. Hakunifokea, vijana wa siku hizi hamjui hata kumsaidia mtu mzima. Alisema swali la nini kinaanza, kwa Mzee Ntandu halitajibiwa tena. Vipimo vile haviwezekani. Kinachowezekana ni kukata slaidi na kupaka rangi inayozitambua zile protini, tuone zipo wapi na hazipo wapi. Kuona, basi, siyo kupima.

Tukakata. Nilikata mimi, kwa siku kadhaa, na sikumruhusu mtu kugusa gurudumu. Tulipochungulia, zile seli kubwa za mbele ya ugwe, ambazo kwa mtu mwenye afya zinatakiwa ziwe zimejaa, zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nyingine zilikuwa na mabonge ya protini yaliyotoka mahali pake. Na kuzunguka zile chache zilizobaki, pale ambapo panatakiwa vitone vingi vya rangi, kila kitone makutano mamoja, palikuwa na vitone vichache, na sehemu nyingine pamekauka kabisa. Wale waliokuwa wanamletea ujumbe walikuwa wameshaondoka. Niliyaona hayo nikakumbuka nilivyomwambia akalale kwenye kiti cha uvivu.

Siku ya kumaliza msiba ikafika. Dokta Neema, kwa nia njema, alinipa sentensi ya kusema: "Kazi imeanza vizuri na utafiti unaendelea." Ni sentensi nzuri. Haina uongo hata mmoja, nanyi mtaikuta kwenye ripoti nyingi. Niliikariri njia nzima mpaka Ikungi na kupita. Issuna walikuwa wamekaa uani, alizeti zimeanikwa pembeni, watu wamekula. Mzee Petro akaniita mbele, akasema yule mtu wa maabara amekuja, tumsikilize.

Nilifungua mdomo kusema ile sentensi, na nikaiona ile wodi. Yule mama wa Mkalama, na Mzee amesimama nyuma yangu na mikono yake nyuma. Sentensi ikanikwama. Nikawaambia yote: alichokitaka marehemu, tulivyofanya mazoezi, mtungi ulivyokuwa nje, na mkono uliokosea ni wa nani. Nikasema pia tulichokiona kwenye slaidi, lakini sikukipamba.

Mzee Petro aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo mlimkata ndugu yangu bure?"

"Kwa lile alilolitaka, ndiyo, baba," nikamjibu. "Bure. Na ni mimi."

Mama Debora alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akauliza bila kuinuka.

"Huko kwenye fomalini anaharibika?"

"Haharibiki, mama."

"Kwa muda gani?"

"Akitunzwa vizuri, atatupita sisi wote tuliopo hapa. Mkitaka nimlete mumzike, nitamleta kesho mwenyewe. Mkiruhusu abaki, wanafunzi watajifunzia kwake."

Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Huyu mtu tangu astaafu hakunipa raha," akasema. "Kila kukicha anavaa, anauliza nani amefungua maabara. Nilimwambia kaa nyumbani, hakukaa. Sasa mnirudishie wa nini? Mwacheni kazini."

Wanawake walianza kucheka huku wanalia, nami nikawa miongoni mwao. Mzee Petro hakucheka. Ridhaa aliitia sahihi kwa sababu ya shemeji yake, na mpaka leo nikikutana naye sokoni Ikungi anaitikia salamu yangu akiangalia vitunguu. Ana haki yake. Dokta Neema alipata ugwe wa mgonjwa mwingine mbali na hapa, ukagandishwa inavyotakiwa, na kazi yake inakwenda. Jibu likipatikana halitakuwa na jina la Mzee Ntandu ndani yake, na hilo nitakwenda nalo kaburini.

Lile andiko jekundu la ukutani mnalijua. Mmeniuliza mara ngapi kwa nini chini yake kuna mstari mwingine, kwa rangi nyeusi, mwandiko tofauti: ISIPOKUWA KARATASI IMESEMA VINGINE. ISOME. Niliuandika mimi, wiki moja kabla ya kustaafu, nimesimama juu ya kiti, na nyie mkinishikia kiti huku mnapiga picha.

Na lile boksi la slaidi mnalofundishiwa makutano ya neva, lisilo na jina, namba tu, ndilo yeye. Mkewe aliruhusu mjue, nimemuuliza tena mwezi uliopita. Juzi niliwasikia mnalalamika kwamba slaidi ya saba imepauka, rangi haikushika vizuri kwenye ukingo. Ni kweli, niliikata siku ambayo macho yalinisumbua. Mwenyewe angeitazama mara moja kwenye mwanga wa dirisha, na mnajua angesema nini. Kwa hiyo kesho asubuhi toeni kipande kingine kwenye nta, someni karatasi, mrudie.